Ufahamu na Ufupisho: Bustani Isiyochosha

Soma kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Ukirudi nyumbani kutoka shuleni, huenda kazi mbili zinakusubiri: madaftari na bustani ya mboga. Mtihani ukikaribia, bustani ndiyo huachwa. Mchicha hunyauka, magugu hutamalaki, na familia huanza kununua mboga iliyokuwa ikichumwa uani. Si lazima uchague moja na kuacha nyingine. Bustani huchosha kwa sababu kuu mbili: kubeba maji na kung'oa magugu. Ukizipunguza hizo, umepunguza sehemu kubwa ya kazi.

Njia ya kwanza ni kuweka matandazo, yaani nyasi kavu au majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo. Matandazo hukinga jua, hivyo unyevu haupotei upesi. Vilevile, mbegu nyingi za magugu hukosa mwanga na kushindwa kuota. Tandaza kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ila acha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Epuka nyasi zenye mbegu, usije ukapanda magugu kwa mikono yako mwenyewe.

Piga hesabu. Bustani inayomwagiliwa ndoo 2 za lita 20 kila siku hutumia lita 280 kwa wiki. Udongo ukitunza unyevu, ukawa unamwagilia siku 4 tu kwa wiki, utabeba lita 160. Umeokoa lita 120, yaani ndoo 6, pamoja na muda wa kuzichota.

Pili, mwagilia asubuhi na mapema au jioni, kwa kuwa wakati wa jua kali maji mengi hugeuka mvuke. Tatu, chagua mboga isiyodai matunzo mengi. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, hutambaa na kufunika ardhi, na huchumwa mara nyingi bila kupandwa upya. Mwisho, lima eneo unaloliweza. Tuta moja linalotunzwa lina faida kuliko matuta matano yaliyotelekezwa.

Maswali
1. Taja sababu mbili zinazofanya kazi ya bustani ichoshe.
2. Kwa nini mwandishi anashauri kumwagilia asubuhi au jioni?
3. Eleza maana ya neno "hutamalaki" kama lilivyotumika katika habari.
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 25.

Mwongozo wa kujibu
Swali la 1: Kubeba maji na kung'oa magugu.
Swali la 2: Wakati wa jua kali maji mengi hugeuka mvuke.
Swali la 3: Huenea na kutawala eneo lote.
Swali la 4: Usinakili sentensi za kifungu; hapo ndipo alama hupotea. Orodhesha kwanza hoja kuu. Hapa zipo tano: kutunza unyevu, kuzuia magugu, unene, kutogusa shina, na kutokuwa na mbegu. Kisha ziunganishe kwa maneno yako na uhesabu maneno.

Mfano wa jibu: Matandazo hutunza unyevu na huzuia magugu. Yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina wala kuwa na mbegu. (Maneno 20)