NYAMA ZA PUANI: DALILI NA MATIBABU YAKE

Wako watu wengi wanaoishi miaka mingi na pua iliyoziba, wakisema, "Ni mafua tu, yatakwisha." Lakini mafua ya kawaida hudumu siku 7 hata 10 hivi. Pua iliyoziba kwa muda wa miezi 3 si mafua tena, nayo yataka kuchunguzwa.

Huenda zimeota nyama ndani. Nyama hizi ni uvimbe mwororo wa utando wa ndani ya pua, nazo huning'inia mfano wa zabibu, rangi yake kijivu iliyofifia. Zikiguswa haziumi. Hutokana na utando huo kuvimba kwa muda mrefu, nazo huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye pumu. Mgonjwa hukoroma, hutokwa na kamasi, na polepole hupoteza uwezo wa kunusa. Jambo hili si dogo, maana asiyenusa hatambui chakula kilichochacha, wala moshi, wala gesi inayovuja jikoni.

Je, zatibiwaje? Dawa ya kwanza ni ile ya steroidi ya kupuliza puani, pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Dawa hiyo haiponyi kwa siku moja. Hutumiwa kila siku kwa majuma kadhaa. Nyama zisiponywea, daktari huziondoa kwa kupitisha darubini nyembamba puani, bila kupasua uso. Hata hivyo zaweza kuota tena. Kwa hiyo mgonjwa asiache dawa kwa kuwa tu amepata nafuu.

Yafaa kila msomaji akumbuke mambo haya:

1. Usijaribu kuzing'oa, wala usimruhusu mtu yeyote kuzikata kwa wembe. Pua ina mishipa mingi ya damu, na ubongo hauko mbali.

2. Mwenye nyama hizi pamoja na pumu amwulize daktari kabla ya kumeza aspirini, kwa maana wako ambao dawa hiyo huwabana kifua kwa ghafula.

3. Nyama hizi kwa desturi huota pande zote mbili. Uvimbe ulio upande mmoja tu, au utokao damu, au unaofuatana na uvimbe shingoni, haufai kungojewa. Huenda ni saratani, nayo hutibika vyema ikigunduliwa mapema.

4. Mtoto mdogo akitokwa na usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja la pua, mara nyingi amejitia ushanga au haragwe. Usimchokoe, bali mpeleke hospitali.

Basi, ndugu msomaji, anzia zahanati iliyo karibu nawe. Ikilazimu, utapewa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Umweleze pua iliziba tangu lini, upande gani, na kama bado wanusa. Maelezo hayo machache humsaidia sana.