Unarudi nyumbani likizo? Piga hesabu ya begi kabla ya kununua zawadi

Somo la leo ni la wale wanaohesabu wiki kabla ya kupanda ndege. Tunaongea kila siku habari za kutuma pesa na kuweka akiba, lakini akiba nyingi haipotei kwenye kutuma. Inapotea kwenye begi la likizo. Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe.

Likizo yangu ya kwanza

Nilifanya kazi ya nyumbani Muscat miaka miwili bila kurudi. Nikajibana, nikafikisha akiba ya riali 860. Ahadi ilikuwa moja tu: kuezeka upya nyumba ya mama, Muheza. Fundi alishapiga hesabu, bati na mbao na ufundi wake ni kama riali 450. Kwa hiyo nilijiona tajiri kabisa.

Wiki mbili za mwisho nikaanza kununua. Ruwi leo, souq ya Mutrah kesho. Si unajua mambo yetu: huyu shangazi, huyu wifi, hawa watoto wa kaka, huyu jirani aliyekaa na mama alipougua. Siku ya safari nafika kaunta ya mizigo, tiketi yangu inaruhusu kilo 30, mzani unasoma 44. Nimezidi kilo 14. Wakaniambia kila kilo ya ziada ni riali 5. Nikafungua begi chini pale pale, foleni nzima inanitazama. Kutoa nini sasa, na kumpa nani? Nikalipa riali 70. Hizo ni kama dola 182.

Nilipofika nyumbani na kukaa kuhesabu, mambo yalikuwa hivi:

- Zawadi na vitu: riali 310
- Kilo za ziada: riali 70
- Begi jipya na teksi ya uwanjani: riali 30
- Pesa za kugawa mkononi: riali 200
- Usafiri wa Dar es Salaam hadi Muheza, kwenda na kurudi, na mizigo: riali 40

Jumla riali 650. Zilibaki 210, na hizo nazo zikaliwa kidogo kidogo kwa siku nilizokaa. Mama alipofungua begi alifurahi, sikatai. Lakini alipotoa chupa ya chai ya tatu akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na bati je?" Sikuwa na jibu. Misimu miwili ya masika ikapita tena mama akitega ndoo sebuleni.

Sasa tujifunze, ili yasikukute.

Somo la 1: Bei ya kitu si ile ya dukani

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunasema, "Blanketi huku ni rahisi." Blanketi nililonunua mimi lilikuwa riali 9, uzito wake kilo 6. Kwa kuwa nilikuwa nimeshazidi kilo, kilo hizo 6 zilinigharimu riali 30. Kwa hiyo blanketi la riali 9 lilifika Muheza likiwa na bei ya riali 39, zaidi ya dola 100. Na Kariakoo mablanketi yapo, yamekuja kwa kontena.

Hesabu ni hii, iandike ukutani:

Bei ya kweli = bei ya dukani + (uzito wa kitu × bei ya kilo ya ziada)

Kwa hesabu hiyo, vitu vinajigawa vyenyewe. Vizito na vya bei ndogo usibebe: maziwa ya unga, juisi ya unga, sabuni, sufuria, mablanketi. Vitu hivyo utavipata Kariakoo, Darajani kule Unguja, Eastleigh Nairobi, au madukani Mombasa. Nunua ukishafika. Vyepesi na vya thamani ndivyo vya kubeba: manukato, udi, kitambaa kizuri, saa, miwani ya mzee iliyopimwa. Halwa na tende beba kiasi cha kuonja, usibebe za kufungulia duka.

Na kama kweli una vitu vingi vizito, peleka kwa kagoo ya meli mapema. Inachelewa, lakini kwa mzigo mzito mara nyingi hutoka nafuu sana kuliko kulipia kilo uwanjani. Uliza kwanza gharama za kutoa mzigo bandarini zinalipwa na nani, maana hapo ndipo watu wanaposhtukia bili ya pili.

Somo la 2: Soma tiketi, halafu pima nyumbani

Usiulize rafiki, "Wewe ulibeba kilo ngapi?" Tiketi yake si yako. Kuna tiketi zinazohesabu jumla ya kilo, kwa mfano 30 kwa mizigo yote, na kuna zinazohesabu vipande, kwa mfano mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Ya pili ina mtego: begi moja likiwa na kilo 27 na lingine 15, unalipishwa ingawa jumla hujazidi. Halafu begi moja likipita kilo 32, sehemu nyingi hawalipokei kabisa, hata ukiwa na pesa.

Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Unauzwa bei ndogo na utautumia miaka. Pima begi likiwa tupu kwanza, maana begi gumu kubwa linaweza kuwa na kilo 4 au 5 kabla hujaweka hata soksi. Boksi la katoni ni jepesi zaidi, ila lifungwe vizuri kwa gundi ya karatasi pande zote. Acha nafasi ya kilo 1, mzani wa uwanjani usije ukabishana na wako.

Ukiona lazima uzidi, nunua kilo za ziada mapema kwenye mtandao. Mashirika mengi yanatoza pungufu ukinunua kabla ya siku ya safari.

Mambo mawili zaidi. Wanaopanda Dubai, tangu 2017 uwanja wa pale unakataa mizigo ya mviringo isiyo na upande bapa. Lile furushi la blanketi na kamba litakurudisha foleni, au ulipe zaidi. Na kama ukifika Dar utaunganisha ndege ndogo ya ndani, kumbuka zile mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu. Umebeba 30 kihalali kutoka Ghuba, zile 15 nyingine utazilipia huku huku nyumbani.

Somo la 3: Nini kikae wapi

Begi la mkononi, ambalo mara nyingi ni kilo 7, ndilo la vitu ambavyo vikipotea unaumia: pasipoti na kopi yake, karatasi za ukaazi na mkataba, dhahabu, pesa, simu, dawa unazotumia pamoja na cheti cha daktari, nguo ya kubadili moja. Begi kubwa likichelewa siku tatu, bado unaishi.

Pawabenki na betri za akiba zinakaa mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege. Kipimo kinachotumika ni wati-saa 100. Kukijua, zidisha namba ya mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa 74, inapita. Ya mAh 30,000 inatoa 111, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ukiifungia chini, begi lako litaitwa na kufunguliwa.

Manukato na mafuta weka begi la chini, ndani ya nguo, kifuniko ukizungushie gundi. Mkononi, viwanja vingi bado vinadai kila chupa isizidi mililita 100.

Mifuko ya plastiki iache huko huko. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na Rwanda ilitangulia tangu 2008. Hata ule mfuko wa duka la uwanja wa ndege utaambiwa uuache. Tumia mifuko ya kitambaa, au foronya. Mimi nafungia viatu kwenye foronya, na foronya yenyewe inakuwa zawadi.

Somo la 4: Forodha na pesa taslimu

Simu yako unayoitumia ni kitu chako binafsi. Simu tano kwenye maboksi, machoni pa afisa wa forodha ni biashara, na hata ukilia kwamba ni za wadogo zako haibadiliki. Beba risiti, tamka ulichonacho, uliza ushuru ni kiasi gani na udai stakabadhi. Na ule ushuru uingize kwenye bei ya kweli ya Somo la 1. Mara nyingi utaona heri ungewatumia pesa wakanunua simu dukani kwao.

Pesa nazo zisisafiri mfukoni. Kuingia Tanzania au Kenya na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa pesa nyingine, lazima utamke. Lakini hata 1,000 ni hatari kwenye basi la usiku. Tuma kwa njia halali wiki kadhaa kabla, kwenye akaunti yako mwenyewe ya nyumbani. Unapolinganisha kampuni usiangalie ada peke yake, angalia shilingi ngapi zinatua upande wa pili. Beba mkononi pesa ya njiani tu.

Somo la 5: Mzigo wa mtu

Hili nalisema kwa herufi nzito. Usibebe kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua na kukifunga wewe mwenyewe. Hata kama ni jirani, hata kama analia. Likikamatwa begi lenye jina lako, ni lako. Saudi Arabia kusafirisha dawa za kulevya kunaweza kukupeleka kwenye hukumu ya kifo.

Zaidi tunaponzwa wakati wa kurudi kazini. Miraa nyumbani Kenya ni biashara halali, lakini nchi za Ghuba ni marufuku, na Uingereza imepigwa marufuku tangu 2014. Dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini, ambazo huku kwetu watu wanazizoea, kule Ghuba zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali kabla hujafika. Walioko Uingereza na Marekani, nyama ya kukausha iacheni, itachukuliwa uwanjani.

Jibu la kumpa anayekuomba: "Ndugu yangu, kilo zangu zimejaa." Ni jibu la heshima, na ukifuata hesabu hizi litakuwa la kweli.

Somo la 6: Kazi ya nyumba kwanza, begi baadaye

Likizo yangu ya pili nilikuwa na riali 900. Nikaanza na bati. Miezi miwili kabla ya safari nilituma riali 450. Mjomba akaenda na fundi, wakalipa moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi, nikatumiwa picha ya risiti na ya mzigo ukishushwa. Ndipo nikashika orodha ya zawadi:

- Bati, mbao na fundi: riali 450
- Zawadi zote: riali 120
- Pesa za kugawa: riali 120
- Usafiri wa ndani: riali 40
- Kilo za ziada: 0

Jumla 730. Zikabaki 170, nikazifungia za kurudia kazini na kuanzia mwezi, maana mshahara wa kwanza baada ya likizo hauji haraka.

Walikuwepo walionuna? Walikuwepo. Wifi alisema nimerudi mikono mitupu kama mtu aliyetoka shamba. Niliumia siku ile. Lakini usiku wa tatu mvua ilinyesha, tukakaa sebuleni na mama tunasikiliza bati, ndoo ikiwa jikoni inakaa maji ya kunywa. Wifi naye alikuwepo, akanywa chai yake akalala.

Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi, jibu haya matano kabla hujaingia dukani:

1. Jambo moja kubwa la nyumbani ninalotaka likizo hii ilimalize ni lipi, na ni kiasi gani? Pesa yake imeshatumwa?
2. Tiketi yangu inaruhusu kilo ngapi, kwa jumla au kwa vipande? Na usafiri wa ndani je?
3. Kilo moja ya ziada kwa shirika langu ni bei gani?
4. Ni akina nani kumi wa kwanza wa kuwapa zawadi, na kila mmoja ana gramu ngapi kwenye begi langu? Ndiyo, gramu. Jaribu, utaona unavyopungua.
5. Nimebakiza pesa ya mwezi wa kwanza baada ya kurudi?

Ukishindwa swali la kwanza, usinunue hata kanga. Ukiyajibu yote, nunua kwa raha zako, kawasalimie wazee. Safari njema.