Dondoo muhimu: Mtoto anayevunja vitu vya kuchezea

Gari la plastiki limenunuliwa asubuhi katika soko la Kimironko nchini Rwanda, jioni halina gurudumu hata moja. Mzazi asiharakishe kukasirika. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza wanawe watatu na kubaini kuwa mtoto wa miezi 12 hadi 18 huangusha na kugonga vitu makusudi ili aone kitakachotokea. Huo ni udadisi, si ukorofi.

Usalama kwanza. Kipande chochote kinachoweza kuingia kizima mdomoni ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na betri ndogo ya duara ikikwama kooni huweza kuunguza ndani ya saa 2. Kitu kikivunjika, kiondolewe papo hapo. Akimeza betri, apelekwe hospitali bila kusubiri dalili.

Kisha apewe vitu vinavyostahimili vishindo: sufuria kuukuu na mwiko, vibao vilivyopigwa msasa vizuri, au ule mpira wa majani makavu ya mgomba ambao watoto wa Rwanda wameuchezea vizazi na vizazi. Ukifumuka, hufungwa upya, naye mtoto akae karibu, ashike ncha ya kamba.

Vitu 3 au 4 mkekani vinatosha. Vingine vifichwe, vibadilishwe baada ya siku chache. Akirusha gari ukutani, mzazi amshike mkono kwa upole na kumwambia, "Gari tunalisukuma, mpira ndio tunaurusha," halafu ampe mpira. Kumchapa hakumfundishi kutunza kitu. Hata hivyo, mtoto akifika miaka 2 bila kutamka neno lolote, au akiwa anajiumiza mara kwa mara, mzazi amwone mshauri wa afya wa kijijini kwake.