SOMO LA AFYA: Maumivu ya Nyonga Yasiyokwisha kwa Wanaume

Wako wanaume humu kambini wanaoumwa chini ya kitovu, kwenye korodani au kwenye msamba, yaani kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Wanaona aibu kusema. Wengine huuza posho ya familia wanunue vidonge vya rangi mbili sokoni, wakidhani ni kisonono. Wanameza, maumivu yanabaki, na watoto wanalala njaa.

Sababu ni nini?
Tezi dume ipo chini ya kibofu cha mkojo. Maumivu ya sehemu hiyo yakidumu miezi 3 au zaidi, mara nyingi vipimo havionyeshi vijidudu. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani waliyagawa magonjwa ya tezi hii katika mafungu 4, na fungu la maumivu yasiyo na vijidudu ndilo lenye wagonjwa wengi. Kwa baadhi yao, misuli ya chini ya nyonga imekaza, kama mkono uliokunja ngumi kutwa nzima.

Dawa za kulegeza misuli
Kwanza nenda zahanati ukapimwe mkojo. Vijidudu visipoonekana, daktari anaweza kukuandikia dawa ya kulegeza misuli kwa siku chache. Humsaidia mmoja, isimsaidie mwingine. Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, ni mojawapo. Usiinunue sokoni. Huleta usingizi, na ukiizoea ni vigumu kuiacha. Ukiinywa pamoja na pombe, pumzi inaweza kukatika ukafa. Aliyeitumia muda mrefu asiache ghafla. Amwone daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Fanya haya nyumbani
- Kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 15. Maji hayo umwagilie miti.
- Vuta pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, kisha itoe huku ukilegeza msamba.
- Usikae muda mrefu mahali pagumu.
- Usibane mkojo, wala usijikamue unapokojoa.

Hatari
Wahi zahanati ukiwa na homa, usaha, damu kwenye mkojo, au mkojo ukikataa kutoka.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini si kila maumivu ya nyonga ni kisonono?
2. Kuna hatari gani kunywa diazepamu pamoja na pombe?

Wazee na vijana, semeni mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.