Wanalala Ruiru, Wanasaini Nairobi

Dirisha la usajili likifunguliwa, barua nazo hufurika. Nyingi zinauliza jambo moja: kwa nini Thika na Ruiru hulea mchezaji, kisha akasaini kwingine? Sitaeleza mkataba ni nini wala usajili hufanywa vipi, hayo mnayajua. Nimechagua maswali yanayoniudhi na yale yanayonitia hofu.

Kocha, vijana wetu wanavutwa na raha za Nairobi. Thika ni mji wa viwanda, jioni hauna la kumpa kijana mwenye jina. Tutashindana vipi na jiji? (Barua kadhaa kutoka Makongeni, Kiganjo na Kihunguro zinasema hivyo hivyo, nazijibu pamoja.)

Dai hili nalisikia jukwaani, nalisikia kwa wazazi, nalisikia hata ndani ya ofisi za klabu, na si kweli. Linapendwa kwa sababu linamwondolea msimamizi lawama. Ikiwa kosa ni la mji, yeye atafanya nini?

Tazameni ligi yetu ilivyokuwa. Awendo, Chemelil, Muhoroni, Mumias: miji midogo iliyozungukwa na miwa. Hakuna mchezaji aliyekwenda Awendo kutafuta disko, na bado Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Watu walikwenda kwa sababu nyuma ya klabu kulikuwa na kiwanda chenye ajira na nyumba za wafanyakazi, na mshahara ulikuwa na tarehe yake. Viwanda vya sukari vilipozama kwenye madeni, klabu zao zikazama navyo. Mwaka 2019 Sony Sugar iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi 3. Awendo ilikuwa ile ile ya mwaka wa ubingwa. Kilichokauka ni mfuko.

Nakuru nayo? Ulinzi Stars, klabu ya jeshi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake huko, imekuwa bingwa mara 4: 2003, 2004, 2005 na 2010. Mchezaji wake ni askari, ana kazi itakayobaki hata goti likiharibika. Mwambie mchezaji wa namna hiyo kwamba Nairobi kuna muziki mzuri uone kama atafunga virago.

Sasa nije kwa wanaosema kuwa kuishi kando ya jiji kubwa ni balaa isiyo na dawa. Michael Olunga alichezea Thika United kwa mkopo mwaka 2014, akitoka Tusker. Akaenda Gor Mahia, kisha Uswidi, Uchina na Uhispania, na mwaka 2018 akasaini Kashiwa Reysol ya Japani. Kashiwa iko kilomita 30 hivi kutoka Tokyo. Thika iko kilomita 40 hivi kutoka Nairobi. Kashiwa ni mji ambao watu wake hupanda treni asubuhi kwenda kazini jijini, kama sisi tunavyopanda matatu. Klabu yenyewe ilianza kama timu ya kampuni ya Hitachi, na uwanja wake unaingiza watu wapatao 15,000 tu. Mwishoni mwa 2018 ikashuka daraja. Olunga akabaki. Novemba 2019 akafunga mabao 8 katika mechi moja, Kashiwa ikiilaza Kyoto Sanga 13 kwa 1, na timu ikarudi juu. Mwaka 2020 akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Januari 2021 ndipo alipohamia Al-Duhail ya Doha. Zaidi ya miaka 2 Tokyo ilikuwa pale karibu, na ligi yote ilimwona akiwa Kashiwa.

Thika tulikuwa na mwanzo kama huo. Thika United ililelewa na pesa za maziwa, za Brookside ya Ruiru, ikakaa ligi kuu kwa miaka, ikapitiwa na akina Olunga na Francis Kahata, kisha ikashuka mwaka 2018. Bidco United, mtoto wa kiwanda cha mafuta ya kupikia hapa hapa Thika, ilipanda ligi kuu mwaka 2020. Viwanda tunavyo. Wateja wa viwanda hivyo tunao.

Na jambo ambalo wenye dai hili hawalitaji kabisa ni hili: wachezaji wanaipenda miji yetu. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, mchezaji wa klabu ya Nairobi hana haja ya kulipa kodi ya jijini. Anapanga nyumba Ruiru au Juja, ambako kodi ni nafuu, na asubuhi yuko Kasarani mazoezini. Simama stegi ya Ruiru mapema utawaona na mabegi ya viatu mgongoni. Mke yuko hapa, mtoto anasoma hapa, kanisa lake liko hapa. Mji ameshauchagua. Klabu za mji ndizo alizozikataa, na swali la haki ni kwa nini.

Basi kwa nini?

Mshahara unachelewa, na akiumia hakuna wa kumtibu.

Wakala amemwona mwanangu akicheza Ruiru. Anasema kuna klabu Qatar, mji mzuri, nyumba na gari. Anataka pesa za viza na majaribio kwanza. (Mama wa Githurai, baba wa Witeithie na kaka wa mchezaji kutoka Gatong'ora wameuliza karibu neno kwa neno.)

Usitume hata shilingi. Kama umeshatuma, nenda polisi ukiwa na ujumbe wote wa simu, wala usifute hata mmoja.

Mama, nisikilize kwa makini, maana watu hawa wanauza mji. Hawakutajii kocha wala hawakuonyeshi mkataba. Wanakuonyesha picha za majengo ya Doha usiku. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya FIFA iliyo wazi kwa kila mtu. Malipo yake ni asilimia ya kile mteja wake anacholipwa, kwa hiyo hawezi kudai ujira kabla mtoto hajapata kitu. Klabu inayomtaka mchezaji humwandikia barua ya mwaliko yenyewe. Na kama mwanao hajafikisha miaka 18, FIFA inakataza ahamishwe kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wake wakihamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuambia kuwa atapitisha mtoto wa miaka 16 kimya kimya anataka kukutenganisha na mtoto na pesa kwa pamoja. Nimeona wazazi wakiuza shamba kwa ajili ya ahadi kama hizi. Nawasihi, ulizeni kwanza.

Wanaokwenda Dar es Salaam wanafuata bahari?

Wanafuata televisheni. Mwaka 2021 Azam ilinunua haki za kuonyesha ligi kuu ya Tanzania kwa miaka 10, kwa zaidi ya shilingi bilioni 225 za huko. Na hata kabla ya hapo, Simba ilipomchukua Meddie Kagere mwaka 2018 na Kahata mwaka 2019, wote kutoka Gor Mahia, sisi tulikuwa tukielekea Agosti 2019, mwezi ambao SportPesa ilijiondoa na klabu zetu kubwa zikabaki bila mfadhili.

Unataka kusema mji hauna uzito wowote? Mpwa wangu yuko Marekani, anasema wachezaji wa hoki ya barafu huchagua klabu kwa jua na ufuo. (Msomaji wa Membley)

Uzito upo, na mpwa wako amegusa jambo lenye maana. Katika ligi ya NHL kila klabu ina kikomo kimoja cha jumla ya mishahara, kwa hiyo tajiri hawezi kumwaga pesa apendavyo. Pesa zikikaribiana hivyo, mambo mengine huanza kuhesabika: hali ya hewa, shule, na hasa kodi. Florida, Texas na Nevada hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. Tampa Bay ilitwaa kombe 2020 na 2021, Vegas 2023, Florida Panthers 2024 na 2025. Sisemi kodi ndiyo iliyofunga mabao, lakini mchezaji akipewa dola zile zile Miami na Montreal, anajua wapi atabaki na nyingi. Hilo jua linalosifiwa linakuja likiwa na hesabu.

Na kuna nyumbani. John Tavares aliiacha New York Islanders mwaka 2018 akasaini Toronto, timu aliyoishabikia tangu utotoni. Hapo ndipo Thika ina nguvu ambayo haijatumika: kijana aliyekulia Makongeni angependa bibi yake amwone akicheza. Ila nyumbani huvuta pale tu ambapo mambo ya lazima yameshatimizwa. Hakuna atakayecheza bila mshahara ili bibi amwone.

Binti yangu anacheza vizuri. Haya yote ni ya wavulana tu?

La. Thika Queens walikuwa mabingwa wa ligi kuu ya wanawake mwaka 2021, hapa hapa. Kisha mabinti hao hao hutakiwa wacheze kwa nauli na soda, na tunashangaa klabu za Tanzania zikiwachukua. Uzembe huu unaniuma kuliko wa wanaume.

Nimepewa mkataba wa miaka 7. Nisaini?

Usisaini. FIFA imeweka kikomo cha miaka 5, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu zaidi, na miaka 3 kama hujafikisha 18.

Sisi ni klabu ndogo ya Ruiru, bajeti yetu ni finyu. Tutamzuiaje mchezaji?

Msimzuie, mpeni sababu ya kubaki. Mshahara mdogo unaofika tarehe ile ile kila mwezi unashinda mkubwa wa ahadi. Kumbukeni pia kwamba kwa kanuni za FIFA, mkimnyima mishahara ya miezi 2, anaweza kuwaandikia, akawapa siku 15, kisha akavunja mkataba. Lipeni nauli ya mazoezi siku hiyo hiyo. Tafuteni mtaalamu wa viungo hata kwa siku 2 za wiki. Kaunti ikiwauliza mnataka nini uwanjani, ombeni maji na nyasi kabla ya jukwaa.

Na akiondoka, aondoke akiwaachia haki yenu. FIFA imeweka fidia ya mafunzo kwa waliomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 21, na asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia FIFA Clearing House, inayotazama pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo hujengwa kutokana na usajili. Kocha wa mtaa aliyemfundisha kijana miaka 6 pale Kimbo bila kumsajili popote hatapata kitu, hata kijana akiuzwa Ulaya.

Kwa hiyo walimu wa akademia za Thika, Juja na Ruiru, wasajilini watoto wenu kwenye mfumo wa shirikisho msimu huu, kila mmoja, kwa jina lake kamili na tarehe yake halisi ya kuzaliwa.