Usiisugue Senti ya Kale
Kutambua sarafu za shaba zilizong'arishwa na za bandia: kijitabu kwa wakazi wa Soweto West, Kibera

Huenda nyanya amekuachia senti 5 au senti 10 za Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati zilizoanza kutolewa mwaka 1921. Huenda pia mtu wa skrepu amekuonyesha sarafu ya Mombasa ya 1888 yenye picha ya mizani. Kabla ya kuuza, kununua au kuosha, iangalie vizuri.

Kwa nini usiisugue
Shaba ikikaa miaka mingi huvaa utando wa kahawia au mweusi. Utando huo huilinda, na ndio mnunuzi anayejua kazi yake hutafuta kwanza. Ndimu, siki, majivu au waya wa kuoshea sufuria huuondoa, na thamani hushuka. Haurudi kwa kupaka mafuta wala rangi ya viatu.

Dalili kwamba imesuguliwa
• Ina wekundu mkali au rangi ya waridi, ilhali maandishi yake yamelika.
• Ukiigeuzageuza juani, unaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.
• Uso unang'aa, lakini kando ya herufi na ndani ya tundu bado kuna weusi.

Dalili kwamba ni bandia
• Inanaswa na sumaku. Shaba halisi hainaswi. Hata hivyo, isiponaswa usiseme tayari ni halali, kwani bandia nyingine hutengenezwa kwa shaba.
• Ina vishimo vidogo kama vya kiputo na herufi butu: imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa mashine.
• Ukingoni kuna mstari wa kiungo.
• Uzito au upana haulingani na wa sarafu halali ya aina na mwaka uleule.

Jihadhari na "senti ya Edward"
Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, akang'atuka Desemba 1936. Senti za tundu zenye jina lake ni halali, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni na si adimu. Ukiambiwa yako ina thamani ya mamilioni ya shilingi, kisha ukatakiwa kutuma ada kwanza, usitume hata shilingi moja.

Ukiwa nayo
1. Ishike ukingoni, jasho la vidole huharibu shaba.
2. Ihifadhi pakavu, ndani ya karatasi safi. Ikitoa unga wa kijani kibichi, itenge na nyingine.
3. Piga picha pande zote mbili na uulize bei kwa zaidi ya mtu mmoja.
4. Vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006. Havitolewi nchini bila kibali. Ukiwa na shaka, uliza Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.

Waeleze pia watoto na majirani: senti chafu iliyoachwa ilivyo ina bei kubwa kuliko ile iliyong'arishwa.