Ukilala kisiwani, mwambie daktari wako

Vijana wetu wa mjini siku hizi hawatosheki na kuchoma nyama Jumamosi na kurudi nyumbani jioni. Hukodi matatu, wakabeba mahema, sufuria na redio, wakaenda kulala porini. Jambo hilo silipingi hata kidogo. Mimi mwenyewe nimelala katika hema mara nyingi na mgongo wangu bado haujalalamika. Ninalotaka kuzungumzia leo ni kambi ya aina moja tu, ile ya kulala kisiwani au kando kabisa ya bwawa, kwa maana ndiyo inayoniletea wagonjwa wasiojua wameugua nini. Na safari moja, hata mimi daktari sikujua.

Watu wa Embu na Meru hawana haja ya kwenda Lamu kutafuta kisiwa. Katika Hifadhi ya Mwea, upande wa Mbeere, mto Thiba hukutana na mto Tana kwenye bwawa la Kamburu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1974. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka wa 1976, nayo ina ukubwa wa kilomita 42 hivi mraba. Miongoni mwa sehemu zake za kupigia kambi kuna moja inayojulikana kama Kisiwa cha Gichuki. Ni nchi ya joto, mawe na miiba, yenye ndovu, nyati, viboko, mamba na ndege wengi ajabu. Asichanganye mtu: Mwea hii si ile ya mashamba ya mpunga iliyoko Kirinyaga. Hata hivyo, maji ya Thiba hupitia kwenye mpunga kwanza ndipo yafike bwawani, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

KIJANA WA HOMA

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu kijana wa miaka 26, karani, mzaliwa wa Nkubu anayefanya kazi hapa mjini Embu. Alikuwa na homa ya jioni, kikohozi kikavu, maumivu ya tumbo upande wa kulia na vipele vya kuwasha vilivyokuja na kutoweka. Alikuwa amepungua uzito. "Daktari," akaniambia, "nimemeza dawa za malaria mara moja na za taifodi mara mbili, na homa haisikii."

Nilimpima malaria, haikuwapo. Nikamsikiliza kifua, nikashuku mapafu, nikampa dawa ya kuua bakteria na kumwambia arudi baada ya wiki moja. Aliporudi alikuwa na hali ile ile, ila safari hii alifuatana na mama yake. Mama huyo ndiye aliyefanya kazi yangu. Alisema, "Daktari, huyu mtoto alikuwa mzima kabisa mpaka alipotoka kulala kule kwenye maji na wenzake."

Nikauliza ni lini. Ilikuwa wiki 6 zilizopita. Nikauliza kama alioga bwawani. Kijana akacheka kidogo, akasema walikuwa wanane na wote walioga, tena mchana, joto lilipowazidi.

Nilipopima damu yake upya nikakuta chembe nyeupe za aina ya eosinofili, zile ambazo mwili huzitoa kwa wingi unapovamiwa na minyoo, zimepanda kupita kiasi. Kijana alikuwa na kichocho kichanga, ugonjwa ambao madaktari huuita homa ya Katayama, kwa jina la mahali fulani huko Japani ulikoelezwa zamani. Nilikuwa nimemwuliza maswali kumi, nisimwulize lile moja la alikolala. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa ili wewe usiningoje nikuulize.

KICHOCHO KISICHO NA DAMU KWENYE MKOJO

Wengi wetu tukisikia kichocho hufikiria mtoto wa Pwani anayekojoa damu. Ipo aina hiyo. Lakini kichocho kinachojulikana sana katika maji ya Mwea ni kile cha matumbo, na mkojo wa mgonjwa wake huwa safi kabisa. Mayai ya minyoo hii hutoka na choo kikubwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humwingia konokono mdogo wa maji baridi, vikazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa. Kisha konokono mmoja huweza kuwatoa maelfu, kila mmoja na mkia wake, wakiogelea kumtafuta binadamu. Hawahitaji jeraha. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache tu, na huenda usisikie lolote zaidi ya mwasho mdogo unaoudhania ni wa nyasi.

Konokono huwatoa kwa wingi jua likiwa kali, tangu katikati ya asubuhi hadi alasiri, yaani saa zile zile ambazo mtu wa kambi hutamani kuingia majini. Asikudanganye mtu kwamba jioni ni salama. Jioni wanapungua tu, na ndipo mamba anapoanza zamu yake.

Wakishaingia mwilini, minyoo hupitia mapafuni, ndiyo maana ya kikohozi, halafu ini, ndiyo maana ya maumivu ya kulia. Wanapokomaa na kuanza kutaga, mwili usiowahi kuwaona hushtuka. Hapo huja homa, kati ya wiki ya pili na ya nane baada ya kuoga. Mtoto aliyekulia kando ya maji hayo mara nyingi hapati mshtuko huu, kwani mwili wake umezoea, ingawa madhara ya muda mrefu anayapata. Anayeugua vikali ni mgeni wa mjini aliyeoga siku moja.

Tena, katika wiki hizo za mwanzo choo kinaweza kupimwa mara tatu bila kuonekana yai hata moja, kwa kuwa mayai bado hayajaanza kutoka. Mgonjwa huambiwa hana minyoo, hupewa dawa za taifodi, homa hutulia yenyewe baada ya majuma, na kila mtu hufurahi. Minyoo hubaki. Miaka kadhaa baadaye hurudi kama ini lililokakamaa, wengu uliovimba, na kwa wengine kutapika damu. Kijana wangu alipata dawa za kutuliza mshtuko kwanza, kisha prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake, na tukairudia wiki kadhaa baadaye. Wale wenzake saba niliwaita wote. Watano walikuja.

MAJI NA MBU

Je, mtu aende kisiwani asiguse maji? Kuvuka kwa boti hakuna neno. Kinachoogofya ni kuoga, kuogelea, kufua na kuvuka kwa miguu mahali pasipo na kina, hasa penye majani. Maji ya kunawa yachemshwe, au yatekwe na kuwekwa kwenye pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, kwani vijidudu hivyo vikikosa mtu hufa ndani ya muda huo. Ukichota, vaa viatu vya mpira virefu, na uchote mchana, huku mwenzako akitazama maji badala ya kukutazama wewe.

Ya kunywa beba kutoka mjini, lita nne kwa mtu kwa siku si nyingi katika joto la Mbeere. Yakiisha, chuja ya bwawa kwa kitambaa mpaka yapungue tope, kisha yachemshe hadi yatokote sawasawa. Dawa ya klorini ikitiwa kwenye maji ya tope hufanya kazi nusu nusu.

Kuhusu malaria nitasema machache kwa kuwa mnayasikia kila mara. Sisi wa miinuko ya Embu na Meru hujiona watu wa hapa hapa, tukasahau kwamba miili yetu haijaizoea malaria ya bondeni. Kutoka Manyatta au Nkubu hadi bwawani ni safari ya saa chache, lakini kwa mbu wewe ni mgeni kama Mzungu. Lala ndani ya chandarua chenye dawa au hema lenye wavu usiotoboka, vaa mikono mirefu tangu jua linapotua, na mama mjamzito abaki nyumbani.

NG'AMBO YA MAJI

Wapiga kambi wa kwetu wamezoea mlima. Kule juu ya Chogoria adui ni baridi na kukosa pumzi, na dawa yake kubwa ni kuteremka. Kisiwa ni kinyume chake, kwani huwezi kuteremka. Kati yako na hospitali kuna maji, na usiku ndani ya maji hayo kuna viboko.

Mwaka wa 1934 kundi la wataalamu lililoongozwa na Vivian Fuchs, mwanajiolojia Mwingereza, lilifika Ziwa Turkana, ambalo enzi hizo liliitwa Rudolf. Wawili wao, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini kukichunguza. Hawakurudi, na miili yao haikupatikana. Dyson alikuwa daktari, kwa hiyo utaona kwamba elimu yetu haimtoshi mtu aliyetengwa na maji. Kamburu si Turkana, na ng'ambo yake huonekana kwa macho. Lakini swali ni lile lile: likitokea jambo saa nane za usiku, nani atajua, na atakuja na nini?

Kabla ya kuvuka, hakikisha boti italala upande wenu na mwenye kuiendesha asiguse pombe. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejigamba kuogelea. Askari wa hifadhi wajue mko wangapi na mnarudi lini, na simu ijaribiwe pale pale kambini, kwa kuwa mtandao uliokuwapo langoni huenda usiwepo kwenye mawe. Maji ya bwawa la umeme hupanda na kushuka, basi hema lisipigwe ukingoni. Lisipigwe pia kwenye njia iliyokanyagwa laini kuelekea majini. Njia hiyo si ya mbuzi. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na akimkuta mtu kati yake na maji humwendea mbio.

Nyoka nao. Bafe hulala njiani na hahami ukimjia, kwa hiyo tochi ni lazima hata kama unakwenda haja hatua kumi. Swila huweza kumuuma mtu aliyelala chini kwenye mkeka, na zipu ya hema iliyofungwa yaweza kukuokoa zaidi ya dawa yoyote niliyo nayo. Mtu akiumwa, msikate kidonda, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi liacheni. Mvueni pete na saa kabla ya kuvimba, fungeni kiungo kwa ubao kama mfupa uliovunjika, andikeni saa aliyoumwa, mbebeni bila kumtembeza hadi kwenye boti. Swila akitema sumu machoni, oshani kwa maji safi mengi, tena mengi, halafu hospitali. Mmoja wenu awe amepiga simu mapema kuuliza dawa ya sumu ya nyoka inapatikana hospitali gani wiki hiyo.

Jambo moja linaua kimya bila nyoka wala mamba. Mvua ikinyesha, mtu huingiza jiko la makaa ndani ya hema ili apate joto. Makaa hayana moshi, basi haoni hatari. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wenye hema hulala wasiamke. Jiko libaki nje, hata kama ugali utaloa.

Mwenye pumu abebe pampu mbili, na kila mmoja kambini ajue zilipo. Mwenye kifafa au kisukari asiende kabla ya kumwona daktari wake.

UKISHARUDI

Andika tarehe uliyolala kule kwenye kalenda ya ukutani. Tumbo likiharisha siku chache za kwanza, huenda ni maji au chakula. Homa ikija kuanzia siku ya saba na kuendelea, pimwa malaria siku hiyo hiyo, na ikikosekana irudiwe kesho yake homa isipotulia. Homa ikija kati ya wiki ya pili na ya nane, pamoja na kikohozi, vipele au tumbo, sema maneno haya kabla hujakaa kitini: "Nililala kando ya bwawa, na niliingia majini."

Swali ambalo vijana huniuliza kila mara ni kama wanaweza kununua prazikwanteli dukani wakameza siku wanayorudi, wakamaliza mambo. Hapana. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na ile michanga huiacha ikiendelea kukua. Kama uliingia majini na hujisikii lolote, njoo upimwe kati ya wiki ya 6 na ya 8. Na uje na wenzako mliooga nao.